Bluetooth inapochelewa: dalili, vyanzo na namna ya kupunguza kungoja

Wimbi la redio huvuka chumba cha mita 10 kwa takriban nanosekunde 33. Kwa hiyo sauti inapokufikia robo sekunde baada ya midomo kufunguka kwenye skrini, haikuwa njiani muda wote huo. Ilikuwa imekaa mahali ikingoja: ikingoja kubanwa, ikingoja zamu ya kurushwa, ikingoja kurushwa tena baada ya kupotea, au ikingoja ndani ya spika mpaka akiba, yaani sauti inayowekwa kando kabla ya kuchezwa, ijae. Karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini linarudi kwenye swali moja: data inangoja wapi, na nani ameiambia ingoje?

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huanza na umbali. Wanasogeza simu, wanahamisha meza, wananunua kipokezi kipya. Kusogeza husaidia pale tu pakiti, yaani vipande vya data vinavyorushwa, zinapopotea hewani. Kama kungoja kumepangwa ndani ya kifaa, hata ukibandika simu kwenye spika hutaona tofauti.

Pima kabla ya kugusa chochote

Bila kipimo, kurekebisha ni kupiga ramli. Utabadilisha mpangilio, utahisi afadhali, na kesho tatizo litarudi kwa sababu jana ulikuwa tu umekaa karibu zaidi na kompyuta. Njia tatu zinatosha, na ya kwanza haihitaji zaidi ya simu.

Ya kwanza ni kamera ya mwendo wa polepole. Simu nyingi hurekodi fremu 240 kwa sekunde, yaani kila fremu ni kama milisekunde 4.2. Rekodi kidole kikibonyeza kitufe na skrini ikiitikia, vyote ndani ya picha moja, kisha hesabu fremu tangu kitufe kinapogota chini hadi skrini inapobadilika. Skrini ya hezi 60 hujichora upya kila milisekunde 16.7, basi tofauti ya fremu tatu au nne kati ya jaribio na jaribio usiihesabie Bluetooth.

Ya pili ni maikrofoni, kwa matatizo ya sauti. Fungua programu inayotoa mlio unapogusa kioo, weka maikrofoni pembeni ya kioo pamoja na spika ya masikioni, na uguse kwa ukucha ili mguso wenyewe usikike. Fungua rekodi kwenye programu kama Audacity, upime nafasi kati ya mguso na mlio. Weka vyote karibu, kwa sababu sauti hewani hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita. Kisha rudia jaribio lilelile kwa spika za waya. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo sehemu ya Bluetooth. Kilichobaki ni cha simu na programu yake. Hatua hii ya waya watu huiruka, nayo ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Nimeona vipimo ambavyo nusu ya kuchelewa ilikuwa ya programu, na mwenye kifaa alikuwa tayari amejiandaa kununua spika mpya.

Ya tatu ni mwangwi, kwa data. Tuma ujumbe mfupi, kifaa kiurudishe, pima muda wa kwenda na kurudi. Kwenye Linux amri ya l2ping hufanya hivyo kwa Bluetooth ya kawaida. Usigawe jibu kwa mbili ukadhani umepata muda wa kwenda, maana njia hizo mbili mara nyingi hazilingani. Sababu ipo kwenye dalili ya sita.

Rudia kila jaribio mara 50 au zaidi. Andika thamani ya katikati na andika pia mbaya kuliko zote. Wastani peke yake hudanganya: mibonyezo 49 ya milisekunde 15 na mmoja wa milisekunde 600 hutoa wastani wa karibu 27, namba ya kuridhisha kabisa, lakini aliyeketi kwenye kibodi ataukumbuka ule mmoja.

Soma umbo la namba zako

Kabla ya kwenda kwenye dalili, zipange namba kwa mstari uzitazame. Zitakuwa na moja ya maumbo matatu.

Kuchelewa kwa kudumu: 180, 185, 178, 182. Hapa kungoja kumepangwa na mtu. Kodeki (njia ya kubana sauti na kuifungua), akiba ya sauti, au programu. Mwingiliano wa redio hauhusiki.

Kuchelewa kwa kurukaruka: 12, 13, 12, 96, 14, 210. Pakiti zinapotea na kurudiwa, au kompyuta inausinziza mlango wake ili kuokoa umeme. Hapa ndipo umbali, ruta na nyaya za jirani vinapokuwa na maana.

Kuchelewa kunakokua: 150 mwanzoni, 260 baada ya nusu saa. Kuna foleni inayojaa bila kupunguzwa, au saa mbili za ndani zisizokwenda sawa.

Namba zako zikiwa na maumbo mawili kwa pamoja, shughulikia la kurukaruka kwanza. Ndilo linaloficha mengine.

Dalili ya 1: Kwenye video, midomo na sauti haviendani

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Pendekezo la ITU-R BT.1359, la shirika la kimataifa la mawasiliano, linaweka mpaka wa kutambua tofauti kwenye milisekunde 45 sauti ikitangulia picha, na 125 sauti ikichelewa. Jicho letu husamehe sauti iliyochelewa kwa sababu hata katika maisha ya kawaida mwanga hutangulia sauti. Kwa hiyo kama tofauti yako ni milisekunde 80 za kuchelewa, huenda huna tatizo kabisa.

Chanzo cha kwanza: kicheza video hakijui spika inachelewa kiasi gani. Programu nzuri huichelewesha picha kwa makusudi ili isubiri sauti, na kufanya hivyo hutegemea kiasi ambacho spika yenyewe imetangaza. Spika isipotangaza, au ikitangaza namba isiyo kweli, fidia inakosewa. Jaribu haya kwa mpangilio huu: simamisha video uiendeleze, funga programu uifungue tena spika ikiwa tayari imeunganishwa, cheza video hiyohiyo kwenye programu nyingine. Ikiwa sawa kwenye programu moja na mbaya kwenye nyingine, spika yako ni nzima. Kwenye VLC ya Windows na Linux, vitufe J na K husogeza sauti milisekunde 50 kwa kila mbonyezo. Kwenye runinga tafuta mpangilio wa kulinganisha sauti na picha.

Chanzo cha pili: runinga yenyewe. Runinga huchakata picha, na wakati mwingine huchakata sauti kivyake kabla haijafika kwenye redio. Sauti ikitangulia picha, washa hali ya michezo, ambayo huondoa sehemu kubwa ya uchakataji wa picha. Sauti ikichelewa, zima vionjo vya sauti kama sauti ya kuzunguka na usawazishaji wa ukubwa wa sauti.

Cha tatu ni kodeki, na huku ni nadra kuwa mkosaji kwenye video, maana kuchelewa kwake ni kwa kudumu na hufidiwa. Usianzie hapo.

Dalili ya 2: Kwenye mchezo au ala ya muziki, mlio unafuata mguso kwa mbali

Spika ni ileile, simu ni ileile, video iko sawa, lakini mchezo hauchezeki. Watu hudhani kifaa kimeharibika. Hakijaharibika. Video inaweza kusubirishwa kwa sababu fremu zijazo tayari zipo. Mchezo hauwezi, kwa kuwa haujui utabonyeza lini. Kuchelewa kuleule kulikokuwa kumefichwa sasa kumefunuliwa.

Vyanzo, kuanzia kinachotokea sana:

1. Kodeki na akiba ya kawaida. Njia ya kawaida ya kusikiliza muziki kwa Bluetooth, yenye kodeki ya SBC au AAC, kwa kawaida huwa na milisekunde 150 hadi 300 kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa ni akiba inayowekwa ndani ya spika ili muziki usikatike pakiti moja ikipotea.

2. Hali ya kuchelewa kidogo imezimwa. Spika nyingi za masikioni zina hali ya mchezo inayopunguza akiba hiyo. Iwashe kwenye programu ya spika, kisha pima tena. Jiandae kusikia sauti ikikatika mara kwa mara sehemu zenye redio nyingi. Akiba uliyoiondoa ilikuwa na kazi yake.

3. Pande mbili hazikukubaliana. Kodeki ya aptX Low Latency hufika karibu milisekunde 40, lakini simu na spika zote mbili lazima ziwe nayo. Upande mmoja ukiikosa, vifaa hurudi kimyakimya kwenye SBC. Kwenye Android, fungua chaguo za wasanidi programu uone kodeki inayotumika kweli wakati sauti inacheza. Kilichoandikwa kwenye boksi hakitoshi.

4. Programu ya mchezo ina akiba yake kubwa. Kipimo cha waya kitakuonyesha hili.

Neno kuhusu LDAC, kwa kuwa swali hili hurudi kila mara. Kodeki hiyo hutuma kilobiti 330, 660 au 990 kwa sekunde, na wengi hudhani namba kubwa inamaanisha kasi, kwa hiyo kuchelewa kidogo. Ni kinyume cha matarajio: inakupa ubora wa sauti, na kwenye kiwango cha 990 inajaza hewa kiasi kwamba pakiti zikipotea hakuna nafasi ya kuzirudia kwa utulivu. Kwa mchezo, ishushe au iache kabisa.

LE Audio, mfumo mpya zaidi wa sauti wa Bluetooth, uliojengwa juu ya Bluetooth 5.2 na kodeki ya LC3 yenye fremu za milisekunde 7.5 au 10, ndiyo njia ya redio yenye matumaini zaidi hapa. Nayo inahitaji pande zote mbili. Lakini kama unapiga kinanda na kujisikiliza, au unarekodi sauti juu ya mdundo, ushauri wangu ni waya. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa teknolojia hii: hakuna mpangilio utakaofanya SBC ifae kwa kazi hiyo, na saa utakazopoteza ukijaribu ni saa za mazoezi.

Dalili ya 3: Ubora ulishuka ghafla maikrofoni ilipofunguka

Hii ni fupi. Programu ya mkutano inapoomba maikrofoni ya spika za masikioni, kompyuta huhama kutoka njia ya muziki kwenda njia ya simu, ambayo kwa kawaida ina sauti ya chaneli moja na sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Sauti inakuwa nyembamba, na kwa muda wa kuhama inaweza kukatika. Chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, acha spika za masikioni zibaki kwa kusikiliza. Kama hilo halikusaidia, funga programu nyingine zote zinazoshika maikrofoni. Mara nyingi kuna moja iliyosahaulika nyuma.

Dalili ya 4: Kipanya au kibodi inasita, kisha inaruka

Namba za kurukaruka. Kipanya kinakwenda vizuri, kinaganda, kisha kinaibukia upande wa pili wa skrini. Herufi moja inajirudia mara tano kwa sababu kompyuta haikupata habari kwamba kidole kimeachia.

Anza na vitu vya dakika moja: betri mpya au chaji kamili, kisha zima na kuwasha kifaa. Betri ikipungua, baadhi ya vifaa hupunguza nguvu au kasi ya kuripoti bila kukuambia. Halafu angalia kinachoketi kati ya kifaa na kipokezi. Mwili wa binadamu umejaa maji na hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, meza ya chuma na sanduku la kompyuta navyo huziba.

Baada ya hapo, shuku USB 3. Milango na nyaya za USB 3.0 hupeleka gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele zake huangukia moja kwa moja kwenye bendi ya gigahezi 2.4. Intel ilichapisha waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012, lakini bado ni chanzo ambacho karibu hakuna anayekifikiria. Niliwahi kukaa siku mbili na kipanya kilichosita kila baada ya muda. Nilibadilisha betri, nikaoanisha upya, nikasakinisha upya draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Mkosaji alikuwa diski ya nje iliyochomekwa mlango wa jirani na kipokezi, ikinakili mafaili kwa ratiba yake. Kuchomoa diski kulitosha kuthibitisha. Waya wa kurefusha USB wa mita moja, uliosogeza kipokezi mbali na diski, ukamaliza kazi. Fanya jaribio hilo kabla ya kununua chochote.

Kinachofuata ni Wi-Fi. Bluetooth ya kawaida ina chaneli 79 za megahezi moja na huruka hadi mara 1,600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 hujifunza kuziepuka chaneli zenye kelele. Ruta iliyowekwa upana wa megahezi 40 kwenye bendi ya 2.4 inachukua karibu nusu ya uwanja, na nafasi ya kukwepa inabana. Hamishia kompyuta kwenye bendi ya gigahezi 5, au rudisha upana kuwa megahezi 20. Kompyuta mpakato nyingi hutumia chipu moja kwa Wi-Fi na Bluetooth, na wakati mwingine antena zilezile, kwa hiyo kupakua faili kubwa kwenye 2.4 hulazimisha Bluetooth ingoje zamu. Jaribio la haraka: zima Wi-Fi kwa dakika mbili, pima. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, kama kusita kunakuja na kuondoka kwa dakika chache, itazame.

Kisha kuna usingizi wa kompyuta. Kwenye Windows, kidhibiti cha vifaa kina ruhusa inayoiacha kompyuta izime kifaa ili kuokoa umeme. Iondoe kwa kipokezi cha Bluetooth. Dalili yake ni ya kipekee: mguso wa kwanza baada ya kimya ndio unaochelewa, unaofuata uko sawa.

Mwisho kabisa ndipo draiva na programu dhibiti, ile iliyo ndani ya kifaa chenyewe. Sasisha moja, pima, kisha nyingine. Ukisasisha programu dhibiti ya kifaa, chaji iwe imejaa na usikiondoe karibu. Usasishaji unaokatika katikati unaweza kukiacha kifaa kikiwa hakiwaki tena.

Simama hapa ukiona betri imevimba, kifuniko kimeinuka, au kifaa kinapata joto kikiwa kimetulia. Usikichaji, usikitoboe, usijaribu kukibana kirudi umbo lake. Kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto na kipeleke kwa fundi.

Dalili ya 5: Mwanzoni ni sawa, kisha kuchelewa kunakua

Simamisha sauti sekunde tano, iendeleze, pima. Kama kuchelewa kumerudi kiwango cha mwanzo, ulikuwa na foleni: kulitokea kelele ya redio, pakiti zikarundikana upande wa kutuma, na programu haikuzitupa zilizopitwa na wakati. Tibu kelele kwa njia za dalili ya 4, na kama programu ni yako, iruhusu itupe data ya zamani foleni inapozidi kiasi.

Kama hakuna kelele yoyote lakini kuchelewa kunaongezeka kwa mwendo uleule, tatizo ni saa. Kila kifaa kina fuwele yake ya kupimia muda, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inaonekana ndogo, lakini ni milisekunde 3 kwa dakika, yaani 180 kwa saa. Vifaa vilivyotengenezwa vizuri hufidia kwa kuongeza au kupunguza sampuli bila wewe kusikia. Kisichofidia hakina mpangilio wa kukirekebisha. Tafuta programu dhibiti mpya, au kwa rekodi ndefu anzisha upya muunganisho kila kipindi.

Dalili ya 6: Taa, kufuli au kihisi kinaitikia kwa kuchelewa

Hapa tumeingia Bluetooth ya nishati ndogo, na hapa ndipo kuna mengi ya kupunguza, hasa kwa anayeandika programu mwenyewe. Vifaa hivi havizungumzi muda wote. Vinapeana miadi. Kati ya miadi na miadi redio zote mbili zimelala. Kwa vifaa vingi nafasi hiyo inaweza kuwa milisekunde 7.5 hadi sekunde 4, kwa hatua za milisekunde 1.25.

Ukituma kitu katikati ya miadi, kinangoja miadi ijayo. Nafasi ikiwa milisekunde 50, utangoja 25 kwa wastani na 50 kwa ubaya zaidi. Ukiona namba zako zimejipanga kwa ngazi, tuseme 50, 100, 150, miadi nzima zinaharibika kwa kelele, na kila moja inakugharimu nafasi kamili.

Juu ya hapo kuna ruhusa ya kuruka miadi. Kifaa cha betri kinaweza kuruhusiwa kulala miadi kadhaa mfululizo kama hakina la kusema. Kikiwa na la kusema, kinaamka miadi ijayo na kulisema. Lakini simu ikiwa na la kukiambia, lazima ingoje kiamke. Ndiyo maana kitufe cha ukutani kinaweza kuripoti papo hapo, huku taa ikichukua sekunde nzima kuwaka kwa amri ya simu. Hesabu ni nyepesi: nafasi kati ya miadi, zidisha kwa idadi ya miadi zinazorukwa ukiongeza moja. Milisekunde 50 na ruhusa ya kuruka 19 ni 50 mara 20, sekunde moja kamili. Hii pia ndiyo sababu nilisema mwangwi usigawanywe kwa mbili.

Kama ni mtumiaji wa kawaida, angalia vitu vitatu tu: simu isiwe kwenye hali ya kuokoa betri, programu ya kifaa iruhusiwe kufanya kazi nyuma, na betri ya kifaa iwe nzima. Zaidi ya hapo mpangilio uko mikononi mwa mtengenezaji.

Kama programu ni yako, fuata mpangilio huu, kuanzia kinacholipa zaidi:

1. Omba miadi za karibu. Kwenye Android kuna ngazi tatu kuu za kipaumbele: ya juu hutoa milisekunde 11.25 hadi 15, ya kati 30 hadi 50, ya kuokoa nishati 100 hadi 125. Kwa iPhone, mwongozo wa Apple unataka milisekunde 15 au zaidi kwa vifaa vya kawaida. Kumbuka unaomba, simu ndiyo inayoamua. Soma thamani iliyokubaliwa, usiamini uliyoiomba.

2. Acha kungoja jibu pasipo haja. Kuandika kunakodai jibu kwa kawaida huchukua miadi mbili: ombi kwenye moja, jibu kwenye inayofuata. Ukiandika mara 20 mfululizo kwa nafasi ya milisekunde 50, umetumia kama sekunde mbili. Kuandika kusikodai jibu huruhusu pakiti kadhaa ndani ya miadi moja, na tabaka la chini la redio bado linarudia zilizopotea. Vivyo hivyo, tumia arifa za kawaida badala ya zile zinazodai uthibitisho.

3. Punguza idadi ya pakiti. Ukubwa wa awali wa ujumbe ni baiti 23, ambamo data yako ni 20 tu. Omba ukubwa zaidi. Tangu Bluetooth 4.2, pakiti moja ya redio hubeba hadi baiti 251.

4. Rekebisha ruhusa ya kuruka miadi kulingana na kazi. Iwe sifuri mtumiaji anapokuwa na programu mkononi, irudi juu anapoifunga. Betri itakushukuru.

5. Kasi ya redio, mwisho. Bluetooth 5 ilileta kasi ya megabiti 2, na watu hukimbilia hiyo kwanza. Kwa pakiti ya baiti 27 unaokoa chini ya milisekunde 0.2. Kama miadi ziko mbali kwa milisekunde 50, hutaihisi hata kidogo. Inasaidia kwa data nyingi: pakiti ya baiti 251 hushuka kutoka mikrosekunde 2,120 hadi 1,064. Kinyume chake, hali ya masafa marefu ya kilobiti 125 hurefusha kila pakiti mara kadhaa. Izime usipohitaji umbali.

Ukishafanya yote na bado kuna mruko usioelezeka, rekodi pakiti. Kwenye Linux tumia btmon. Kwenye Android washa kumbukumbu ya Bluetooth ndani ya chaguo za wasanidi programu na uifungue kwa programu ya Wireshark. Angalia muda wa pakiti kuingia dhidi ya muda programu yako ilipoipokea. Mara nyingi redio ilifikisha kwa wakati, na ujumbe ukakaa nyuma ya kazi nzito kwenye uzi wa kuchora skrini, au mstari wa kuchapisha maandishi kwenye mlango wa mfululizo (serial) wa bodi ulizuia kila kitu kingine.

Mahali pa kuacha na kumwita mwenye kazi

Vifaa vya tiba: visaidizi vya kusikia, pampu za insulini, vipima sukari. Usibadilishe mipangilio ya redio, usisakinishe programu dhibiti isiyo rasmi, usikifungue. Kama taarifa zinachelewa, fuata maelekezo ya kupima kwa njia mbadala na uwasiliane na mtaalamu wako wa afya siku hiyohiyo.

Mashine zenye mwendo: kama kitufe cha kusimamisha mashine, lango au winchi kinapita kwenye Bluetooth na kinachelewa, zima mashine kwanza. Usipime ikiwa inazunguka na mtu yuko karibu.

Nguvu ya kurusha na antena: usiongeze nguvu kupita ilivyoidhinishwa na usibadilishe antena ya ndani kwa kubahatisha. Kuna sheria za redio, na pia unaweza kuunguza chipu.

Unapompelekea fundi, mpe namba zako: thamani ya katikati, mbaya kuliko zote, kipimo cha waya, matoleo ya programu, na ulichobadilisha kwa mpangilio. Ongeza jaribio moja ambalo yeye hawezi kulifanya kwenye benchi lake: kifaa hichohicho kikiwa na simu nyingine, mahali pengine, mbali na ruta yako. Kikichelewa hata huko, aanze na kifaa. Kikiwa sawa, mwambie asikifungue. Kinachotakiwa kuchunguzwa kimebaki kwenye meza yako.